Kocha, Tulimlipa Mtu Aje Aonekane

Kocha Lauriani,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sitaki useme Shabani amekuwa mtu wa kuingia bila hodi kwa sababu tu mwenye nyumba hayupo.

Nakuandikia kwa kalamu, siyo kwa simu, maana wewe ulikuwa mtu wa kalamu. Shule mimi niliiachia darasa la sita, unajua, kwa hiyo ukikutana na kosa lipite kama ulivyokuwa unayapita yale magoli ya kizembe niliyofungwa. Mimi, niliyekula rolex, ile chapati ya mayai, Kampala ikiwa bado inatoa moshi, nikalala gesti ya maji ya moto Kigali, nikaibiwa simu Kariakoo mchana kweupe na mwizi akaniaga kwa adabu, leo nimekaa mbele ya banda langu la viatu vya mitumba hapa Murongo, machozi yananitoka. Wateja nimewaambia ni vumbi la robota jipya. Wamekubali. Watu wa mpakani wanakubali uongo wowote ukiwa na bei nzuri.

Tangu tukuzike mengi yametokea. Mama Leokadia, mkeo, yupo. Sindano yako ya kushonea viatu ameichomeka kwenye nguzo ya mlango pale pale ulipoiacha, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa, hata mimi uliyenifundisha kushona mpira kwa uzi wa gunia. Migomba yako ya nyuma ya nyumba imezaa. Timu ya wavulana inafungwa kama kawaida. Timu ya wasichana ilikuwa inashinda. Nimesema ilikuwa. Nitafika huko, usinikimbize.

Kwanza nikueleze habari ya nyota.

Hukukaa kaburini mwezi, udongo haujatulia, tukasikia anakuja mcheza mpira maarufu kufungua mashindano kwenye uwanja wetu kule kilimani. Jina lake silitaji, hana haki ya kuingia kwenye barua yako. Nikauliza, anakuja kucheza? Wakasema hapana. Anakuja kufundisha? Hapana. Ana ndugu huku? Hapana. Basi anakuja kufanya nini? Bwana Michezo, yule kijana wa ofisi ya halmashauri mwenye miwani ya jua hata akiwa ndani, akaniambia anakuja kuonekana. Na kwa kuonekana huko analipwa. Na hela yenyewe, Kocha, ni ile ile ya ushuru: kila gunia la kahawa linaloshuka mlimani, kila mkungu wa ndizi unaopita kizuizini, kila bibi anayelipia kipande cha ardhi sokoni ili auze nyanya zake. Hata banda langu la viatu limo humo.

Nimetembea dunia hii, nimeona watu wakilipwa kwa mengi. Nimeona mtu Kampala analipwa kukaa kwenye foleni badala ya mwingine. Lakini huyo walau anachoka miguu. Kulipwa kwa kuonekana? Mwezi unaonekana bure. Hata senene, ambao tunajua na wao wanajua kwamba tutawakaanga, wanakuja wenyewe kila msimu na hakuna anayewatumia gari.

Nikakumbuka barua zako. Unazikumbuka? Uliziandika kwa herufi za kulala, mstari chini ya kichwa cha habari kwa rula, nakala unaweka kwenye bati la biskuti. Mwaka hadi mwaka uliwaomba halmashauri jambo moja tu: waje na mashine yao ya barabara kwa siku moja wazibe lile korongo lililokula kona ya chini ya uwanja. Mimi ndiye niliyezipeleka kwa pikipiki, na mimi ndiye niliyerudi na jibu, na jibu lilikuwa lile lile hata wangeweza kutengeneza muhuri wake: bajeti haijaruhusu. Wewe unatikisa kichwa, unatoa kahawa ya kutafuna mfukoni, unanipa punje mbili, unasema, "Waitu Shabani, ndugu yangu, tutaandika tena." Hukutukana hata siku moja. Mimi nilitukana kwa niaba yako njia nzima.

Na kwa kuwa mashine haikuja, ulisimika mti pale ukingoni, ukaufunga jezi nyekundu iliyochakaa. Ukawaambia wachezaji, hasa Editha, binti wa mwenye mashine ya kukoboa, yule winga wako anayekimbia kama ameiba: "Ukiiona nyekundu, geuka." Alikimbia kwa kuiamini ile nyekundu. Wote tuliiamini.

Sasa sikiliza matayarisho. Watu wa nyota waliandika kwamba yeye hakanyagi vumbi, anataka uwanja wenye majani. Wetu unaujua, ni kipara kama mimi. Mtu mwingine angesema basi asije. Sisi tukafanya kile tunachofanya mgeni wa heshima akija nyumbani: tukamtandikia nyasi. Kila kaya kitita kimoja. Nyasi ambazo kina mama walikuwa wanaziwinda mabondeni kwa ajili ya kutandika ndani Krismasi, zikabebwa vichwani zikamwagwa uwanjani, kuanzia goli la juu hadi goli la chini. Kwenye matanga yako tulikaa juu ya vitita vichache, nyingine tukaongezea majani ya migomba. Huyu akatandikiwa kilima kizima.

Mimi nilikuwa mshereheshaji. Ndiyo. Kipaza sauti mkononi, koti la bluu lile nililonunua Mbarara, viatu vilivyochongoka. Ulijua napenda kusikika. Usinitazame hivyo.

Alikuja jua limeshatupiga mpaka tumekuwa ndugu. Gari lenye vioo vyeusi, na nyuma yake gari jingine limebeba watu wa kumlinda dhidi yetu. Kutulinda sisi dhidi yake hakuletwa mtu. Akashuka, akapunga mkono. Nikapiga kelele mpaka kipaza sauti kikakoroma. Akawekewa mpira. Akarudi nyuma hatua tatu, akaja, nyasi zikateleza chini ya mguu, na nyota wetu akakaa chini mbele ya watu wote kama bibi anayemenya ndizi. Na mimi, mwanafunzi wako, nikasema kwenye kipaza sauti: "Anajinyoosha misuli, makofi tafadhali." Wakapiga makofi. Ndizi zilizokuwa jikoni wakati anashuka kwenye gari hazikuwa zimeiva alipopanda tena.

Lakini kabla hajapanda. Hapa kalamu inakuwa nzito.

Mama Leokadia alikuwa amekuja na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Ilikuwa ile yako, Kocha. Ile uliyoichuma mwenyewe msimu wa mwisho, ukaichemsha na majani yako ya siri, ukaianika juu ya mkeka huku unakohoa. Hakuuza, hakumpa padri, hakunipa mimi. Alisema Lauriani aliiweka kwa mgeni wa heshima. Akapiga magoti, akainyoosha kwa mikono miwili. Nyota akachota bila kutazama, akampasia mlinzi wake. Mlinzi akanusa, akakunja uso, akafungua kiganja juu ya nyasi, akajipangusa kwenye suruali.

Mkeo aliinama akaanza kuokota, punje moja moja, ndani ya nyasi. Na mimi niliyeona, niliyekuwa na sauti kubwa kuliko mtu yeyote kilimani siku ile, nikasema nini? Nikasema tena makofi.

Simdharau yule mlinzi, hakujua. Simdharau sana hata nyota, mtu ukimlipa kuonekana ataonekana, angefanya nini kingine. Dharau yangu naigawa hivi: sehemu kubwa ni ya waliotoa hela ya watu wasioulizwa, na iliyobaki nimeivaa mimi na koti langu la bluu.

Kuna jingine, Kocha. Nilitaka kulificha, lakini marehemu hafichwi. Asubuhi ya siku ile Bwana Michezo alitembea na wapiga picha wake, akaiona jezi yako nyekundu pale ukingoni, akasema inaharibu picha. Akasema nani aung'oe huo mti. Nikasema mimi. Niliung'oa kwa mikono yangu hii, nikautupa chini ya michungwa, na nyasi zikamwagwa mpaka mdomoni mwa korongo, kukawa kuzuri, kumenyooka, huoni shimo lilipoanzia.

Nyota akaenda. Wapiga picha wakaenda. Mimi nikaenda Murongo kuuza viatu na kuwasimulia watu jinsi nilivyomshika bega. Mti sikuurudisha. Wiki ya pili nimerudi kutazama mechi, Editha alipokea mpira upande ule, akamwacha beki wa timu ya Nyabiyonza, akakimbia. Akatafuta nyekundu, hakuiona, akadhani bado ana nafasi, akatumbukia korongoni. Mlio wa mguu ule ukivunjika tuliusikia mpaka goli la juu.

Sasa ninasema ilikuwa inashinda, umenielewa.

Mwaka huu wakaitisha mkutano wa hadhara. Bwana Michezo akasimama, akasema nyota yupo tayari kuja tena, kilichobaki ni sisi wananchi kupokea mpango kwa furaha, na Shabani atashika kipaza sauti kama mwaka jana. Akasema nyota analeta hamasa. Akasema biashara ilichangamka. Na kweli, nisiwe mwongo, Hajati Mwajuma wa hoteli alisimama akasema siku ile wali uliisha mapema, na mimi namheshimu Hajati, ananikopesha chai. Vijana wa bodaboda wakaguna kukubali. Usidhani kilima chote kilikuwa upande wetu. Wengi walimtaka. Wana picha zake kwenye simu. Mimi pia nilikuwa nayo.

Nikasimama. Ulikuwa unaniambia, "Shabani, funga mdomo, fungua macho." Siku hiyo nilifungua vyote. Nikasema Hajati wali wako unaisha kila siku ya mnada, na hakuna mtu tunayemlipa aje kuupungia mkono mnada. Nikasema anayetaka kumwona nyota achange mfukoni mwake, mimi mwenyewe nitachangia, napenda mpira kuliko wote mliokaa hapa. Lakini bibi wa nyanya hakuulizwa. Ushuru wake ni wa shimo, siyo wa nyota. Kisha nikasema mbele ya watu nani aling'oa mti. Baba yake Editha alikuwa mstari wa mbele. Alinitazama, akatazama chini. Sijawahi kufungwa goli zito kama lile.

Bwana Michezo akataka kuendelea na ajenda. Editha akanyanyuka kwa magongo yake. Hakuwa na hasira, ndiyo maana iliuma.

"Mimi nilimpenda, na bado nampenda," alisema. "Ila akija tena, mwambieni nitampigia makofi nikiwa nimekaa."

Akaketi. Watu hawakumpigia makofi. Hajati Mwajuma akavuta ushungi wake akajifuta macho, na mwenyekiti wa mkutano akasema maoni yamepokelewa.

Nilijua maana ya hayo. Nikasubiri. Baada ya siku kadhaa ikaja barua, nikaifuata mwenyewe kwa pikipiki kama zamani, nikaifungua njiani chini ya mkaratusi. Ujio wa nyota umesitishwa. Bajeti haijaruhusu. Kocha, nilicheka mpaka mwenye ng'ombe aliyekuwa anapita akaniuliza kama ninaumwa. Sentensi ile iliyokunyima kuzibiwa shimo miaka yote, siku moja tu imetoka ikaenda kumpiga mtu mwingine.

Ya korongo haikutajwa, bila shaka. Mashine haiji. Usiwangoje.

Basi mti nimeurudisha, na jezi nyekundu nimetafuta nyingine kwenye robota, nzuri kuliko ile yako, ya klabu ya Ulaya, yenye jina la mchezaji mgongoni, kwa hiyo walau nyota mmoja anafanya kazi bure pale uwanjani. Kila nikirudi kutoka Murongo na pikapu ya kubebea viatu ikiwa tupu napitia machimboni Kamuli, napakia mawe, nayamwaga korongoni. Baba yake Editha haniongeleshi. Lakini juzi nilikuta mawe ambayo siyo yangu, na alama za toroli lake.

Mgongo unaniuma. Nimekuwa mwanamume wa mawe, mimi mtu wa viatu vilivyochongoka.

Mama Leokadia ameniita wiki hii. Zile punje alizookota kwenye nyasi alizipuliza, akazianika upya, akazifunga kwenye kitambaa. Amenipa nizitunze. Nilisema sistahili, akasema anajua, ndiyo maana ananipa nizitunze, hajasema nizitafune. Huyo ndiye mkeo, hajabadilika.

Lala, Kocha. Mimi kwa desturi za kwetu nakuombea, na Jumapili mkeo anakuombea kwa desturi zenu, kwa hiyo huko uliko unahudumiwa na pande zote mbili. Ahadi yangu ni hii. Korongo litajaa. Siku daktari atakapomruhusu Editha kukimbia, ataletwa kona ya chini, na mti wako ataung'oa yeye, siyo mimi. Nitapiga magoti kwenye vumbi, bila nyasi, nimpe ile kahawa kwa mikono miwili. Mgeni wa heshima tulikuwa naye siku zote, na anapanda mlima kwa miguu yake.

Kipaza sauti sitakuwa nacho. Nitakuwa nimefunga mdomo, Kocha, na macho nimeyafungua.

Mimi kipa wako,
Shabani wa Murongo