CD Tisa za Vugo Ulizoziacha Wazi

Kwako Baba, fundi wangu wa kwanza,

Nimezifunga CD zako. Nane kati ya tisa, na hiyo moja nitakueleza. Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya rekoda yako, kwa sababu habari hii nataka uipate kutoka kwangu.

Unakumbuka rekoda ilivyofika Faza? Uliipakata mapajani ndani ya boti kutoka Amu, umeivisha koti lako la mvua, wewe mwenyewe umelowa chapachapa. Mama akauliza kama umeoa mke wa pili. Ukamwambia, "Huyu hali chakula." Ilikuwa mashine ya studio hasa, nzito, ya kukazwa kwenye rafu kwa skrubu, na ulinikataza kuigusa kwa siku tatu nzima. Siku ya nne ukanifundisha.

Wanawake wa vugo, ile ngoma yao ya harusi, walikujia kwa sababu beti zao zilikuwa zinapotea. Kila harusi hutunga mpya, wakagonga pembe zao kwa vijiti, wakamsifu bibi harusi, wakamtania mama mkwe kwa jina lake, na baada ya wiki mbili nusu ya maneno hakuna anayeyakumbuka. Lakini Bi Rukia, mkuu wao, aliweka sharti akiwa bado mlangoni. Sauti zao zisisikiwe na mwanamume, na zisifike barazani.

"Na wewe pia ni mwanamume, Bwana Fundi."

"Hilo hata mke wangu hulisahau," ulimjibu, na ndipo wakaingia, wanacheka.

Kisha ukafanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. CD ikisharekodiwa, huwa kuna amri ya mwisho ya kuifunga, ili isomeke kwenye mashine yoyote duniani. Usipoitoa amri hiyo, ni ile rekoda iliyoiandika peke yake inayoitambua. Kwa mafundi wengine hiyo ni kazi ya mtu aliyesahau. Wewe ulikataa kuzifunga kwa makusudi. Ukawaahidi wanawake kwamba beti zao zitasikika chumba hiki tu, na atakayetaka kuzisikiliza aje Alhamisi, alasiri.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na moja ulipoanza kuniachia chumba. Uliwaomba wagonge pembe tu, bila kuimba, ukapima kiwango cha sauti, ukaegemeza godoro dirishani, ukaondoka. Hukukaa nje ya mlango. Ulikwenda mpaka pale pikipiki zinapoegeshwa, na hukurudi mpaka uone nimefungua dirisha. Mimi nilibaki na hedfoni kubwa kuliko kichwa changu, jasho likinitiririka, nikizuia taa za kupimia sauti zisikae kwenye nyekundu.

Jioni uliipiga CD ya siku ile bila spika na bila hedfoni. Ulitazama taa tu, zikipanda na kushuka.

"Hapa pembe zilikuja kwa nguvu, ukawahi kushusha."

"Umejuaje, Baba?"

"Nyekundu iligusa ikaondoka. Wimbo huu unaishia kwa sauti au kwa pembe?"

"Kwa pembe."

"Basi tuupe kimya kirefu kidogo."

Ulipanga CD tisa namna hiyo. Shangazi Zainabu, dada yako wa tumbo moja, yumo katika ile ya tisa, anaimba ubeti peke yake, na hukuwahi kuusikia. Hata alipofariki, hukuusikia. Nilikuona siku ile umesimama na CD mkononi. Ukairudisha kwenye kabati.

Nilipokuwa chuoni, nikisomea sauti, nilijiona najua. Nilikupigia simu nikakwambia CD isiyofungwa ni kazi isiyokamilika, na mashine ikifa zinakufa zote. Ukaniuliza, "Isiyokamilika kwa nani?" Nilikasirika. Bado nafikiri nilisema kweli kuhusu mashine. Kuhusu swali lako, imenichukua muda.

Na mashine ilianza kufa kweli, Baba, miezi minane baada ya wewe kututoka. Ilikuwa inachukua dakika moja kuitambua CD, halafu tatu, halafu inaitoa nje kama haijaiona. Fundi wa Mombasa aliisafisha lenzi akaniambia imechoka na haina nyingine ya kubadilisha. Akaniambia pia kwamba kuandika kunaichosha kuliko kusoma, na kufunga CD ni kuandika.

Ningeweza kupitisha sauti kwa waya hadi kwenye kompyuta yangu, kazi ya siku mbili, bila kumuuliza mtu. Nakiri nilichomeka waya. Nikauchomoa, nikaenda kwa Bi Rukia.

Alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha kupepeta. Nilimweleza yote.

"Kompyuta sitaki," alisema. "Kompyuta ndiye mama wa simu."

"Basi nizifunge, Bi Rukia. Lakini zikifungwa zitasomeka popote."

"CD naiona kwa mato yangu. Ikitoka kabatini nitajua ni nani aliyeitoa, na mama yake nitamjua."

"Na ile ahadi ya Baba?"

Hapo akauweka ungo chini. "Babako alituahidi sisi, mwanangu. Hakuiahidi mashine. Sisi tupo. Funga."

Walikuja wote Alhamisi, na walikubaliana kwamba kila CD ikae nyumbani kwa bibi harusi wake. Nilianza na ya kwanza. Dakika nne kila moja, na kila mara nilikuwa nikizihesabu pumzi zangu. Kila iliyokamilika tuliijaribu kwenye redio ndogo ya Bi Rukia, na kila ilipoimba walisukumana mabega. Ya nane ilichukua dakika saba. Ningeweza kuisimamisha kazi pale, nikaipumzisha mashine mpaka kesho yake. Niliamua kuendelea. Uamuzi ulikuwa wangu, na ulikuwa mbaya. Ya tisa ilifika katikati, mashine ikakwaruza, ikaitoa. Haisomeki tena popote, hata humu ndani.

Niliwaambia palepale kwamba nimeipoteza, na kwamba ni ile yenye Shangazi. Hakuna aliyenilaumu. Bi Rukia aliuliza tu, "Una mashine nyingine?"

Nilitoa kirekodi changu kidogo cha mkononi.

"Na hicho hufungwa vipi?"

"Hakifungwi. Nakishika mimi."

Aliniangalia kama mtu anayekagua samaki sokoni, kisha akawageukia wenzake. "Chukueni pembe."

Wakaimba upya zile beti za harusi ya tisa, kila mmoja akikumbuka kipande, wakibishana, wakirudia. Walipofika kwenye ubeti wa Shangazi, sauti zikakatika. Ubeti ule aliutunga mwenyewe siku ileile, na aliuimba mara moja tu. Pembe ziliendelea kugongwa. Nikaona wote wananitazama mimi, na nikaelewa kwa nini. Siku ile mwenye hedfoni nilikuwa mimi.

Unanijua, Baba. Sijawahi kuimba mbele ya mtu. Niliimba. Mistari miwili ilikuja yote, wa tatu ukanitoka nusu nusu, na wa nne haukuja kabisa. Bi Rukia akaudaka, akaweka wake, unaonitania mimi na kutoolewa kwangu, na chumba kikaangua kicheko mpaka nikalazimika kushusha kiwango.

Kwa hiyo ya tisa ipo. Si ile, lakini ipo, na ninayeishika ni mimi. Kwa mara ya kwanza sihitaji mashine inilinde nisivunje ahadi.

Najua sasa unataka kuniuliza dada yako alisema nini katika ubeti ule. Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi, na nimeamua. Alikutaja wewe. Zaidi ya hapo sikwambii. Ulimwahidi Bi Rukia kwamba hutasikia.

Mola akupe mapumziko mema.

Ni mimi, binti yako