Nyayo za Unga Kanyenye

Jumamosi, 16 Oktoba 1971

Nimefua blauzi mbili na kanga, nimeanika uani. Maji hapa ya shida. Nimetumia ndoo moja tu na bado mwenye nyumba kanitupia jicho. Anaitwa Mama Kanta, Kanta ni jina lake mwenyewe. Mhindi, mjane, mtu mzima wa kuamkiwa. Duka la vitambaa mbele, vyumba nyuma, hapa Kanyenye.

Chumba nimekipata baada ya nyumba mbili za wageni kunikatalia. Mwanamke peke yake, mume yuko wapi, anafuata nini Tabora. Nimechoka kueleza. Mimi ni muuguzi, niko likizo, nimefuata kuona. Nimezaliwa Bagamoyo, njia ya misafara ilikoishia. Nataka kuona ilikotoka. Basi.

Balozi wa nyumba kumi kaja kuandika jina langu. Kusikia Mzaramo tu, kawaambia majirani wafungie kuku. Huu utani wetu na Wanyamwezi umeanza enzi za misafara na wala haujachoka. Nikamwambia babu yake alimbebea babu yangu mzigo, nusu yake akaila njiani. Wamecheka. Aliyecheka kuliko wote ni Mama Kanta. Halafu akasema na yeye ni mtani wangu, kazaliwa hapa hapa, Mnyamwezi, nijihadhari naye. Nikaenda kuanua kanga yangu, mbichi hivyo hivyo. 

Jumapili, 17 Oktoba

Kesho jioni ni Diwali. Sikujua. Nimeuliza maswali mpaka nimejionea haya, lakini nimeendelea kuuliza.

Ni sikukuu ya taa, usiku usio na mwezi. Wanawasha vitaa vya udongo, utambi wa pamba, samli. Mlango unaachwa wazi ili Lakshmi aingie. Lakshmi ni mungu wao wa kike, mleta neema. Ajabu, sisi nasi tunahesabu mwezi huo huo, keshokutwa au mtondo Ramadhani. Wao wanangoja ufe, sisi tunangoja uandame.

Mchana kafika shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Bwana Ratilal, kutoka Mwanza. Suti, jasho, hasira. Jengo lake la kupangisha limechukuliwa na serikali mwaka huu. Yeye anahama nchi na anataka kumchukua Mama Kanta. Tiketi za treni ya Jumatano kesha kata, mbili, mpaka Dar. Sanduku la bati kaliweka mwenyewe karibu na mlango wa ukumbini, wazi, tupu.

Mama Kanta hakubishana. Kamwambia tu: tusubiri kesho. Lakshmi akiingia, mimi sitoki. Asipoingia, nitafunga sanduku.

Alisema hivyo huku anachambua mchele. Nilidhani ni mzaha. Baadaye jikoni nikamuuliza, akaniambia si mzaha. Watoto hana. Mume alipofariki kachomwa moto hapa, mila yao, majivu yake yako hapa. Huko wanakompeleka hajawahi kufika hata mara moja. Lakini kulala peke yake kwenye nyumba hii nako kunamtisha. Hajui. Kwa hiyo kamwachia Lakshmi.

Simpendi Bwana Ratilal. Ila hakusema uongo, mama huyu ni mpweke.

Jumatatu, 18 Oktoba

 Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nimekodi baiskeli, nimekwenda Kwihara, kituo cha zamani cha misafara. Jua kali. Njiani miembe mikubwa pande zote, maembe bado mabichi. Wanasema ilitokana na kokwa walizotupa watu wa misafara. Nimeona tembe, kuta nene, milango ya nakshi kama ya kwetu pwani. Nimesimama nimeshika mlango ule. Mtu wa pwani aliuleta, au aliuchongea hapa, akiwa na hamu ya nyumbani. Nilifurahi sana. Furaha ya kijinga, lakini yangu.

Nimerudi alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyumba kimya. Mama Kanta na shemeji yake wamekwenda hekaluni. Barazani pamechafuka, vumbi langu, na unga umemwagika ovyo kutoka ngazini mpaka ndani. Nikaona aibu. Mgeni wa siku tatu, sijashika hata ufagio, na leo sikukuu. Na kwetu usiku hapafagiwi, unafukuza riziki. Jua linazama. Nikakimbilia ufagio, nikafagia haraka haraka, nikamaliza kabla ya magharibi. Nikapiga na deki. Nilijisifu.

Wakarudi. Mama Kanta alisimama ngazini, sinia mkononi. Akatazama sakafu. Akauliza kwa sauti ndogo nani kafagia.

Ule haukuwa unga uliomwagika. Zilikuwa nyayo za Lakshmi. Mama Kanta alizichora mwenyewe kwa unga wa mchele, ndogo ndogo, kuingia ndani, ili mungu huyo ajue pa kupita. Na kwao vilevile, kufagia jioni kunafukuza neema. Tunaogopa kitu kilekile, na kwa kukiogopa nimemharibia.

Bwana Ratilal hata hakunikasirikia, hilo ndilo lililoniuma. Kamwambia Mama Kanta umeona, hata Lakshmi kakataa, funga sanduku. Akaenda kulibeba.

Nililia. Mtu mzima, muuguzi, nimeshika ufagio.

Mama Kanta akakaa kwenye ngazi.  Kisha akawa ananitazama miguu. Miguu yangu mikubwa, vumbi la Kwihara mpaka kwenye vifundo. Akamwambia shemeji yake aweke sanduku chini, hii ni kesi ya watani, haimhusu. Mzaramo kaharibu, Mzaramo atatoa faini.

Faini yenyewe: nioshe miguu. Akakoroga unga wa mchele kwenye karai. Nikanyage humo, nianzie barabarani, nipande ngazi, nipite dukani, niishie jikoni. Bwana Ratilal alikasirika sasa, akasema hiyo si mila, huyo ni nani. Mama Kanta akamjibu kwa Kinyamwezi. Hakuelewa. Mimi pia sikuelewa. Balozi, aliyekuwa amesimama barabarani na majirani, alielewa, akashika mbavu.

Nikatembea.  Nyayo kubwa, mguu wa kushoto umepinda kidole. Nilihisi mjinga na nilihisi nimebeba kitu kizito. Nyuma yangu Mama Kanta anaweka taa kando ya kila unyayo, anasema Lakshmi wa mwaka huu ana miguu ya mpagazi.

Majirani wakaingia wakifuata taa. Waliingia wengi. Sanduku likageuzwa kiti.

Jumanne, 19 Oktoba

Mama Kanta hajasema kama anakwenda au anabaki. Kauza duka, kanipikia viazi. Nyayo ziko palepale, watu wanazikwepa. Sanduku nalo liko palepale. Bwana Ratilal kasoma gazeti moja siku nzima. Sikuthubutu kuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu. Nimefunga mizigo yangu.

Jumatano, 20 Oktoba. Ndani ya treni

Nilimuaga Mama Kanta asubuhi. Shikamoo, marahaba, hakuna zaidi. Nilitangulia stesheni nisione atatokaje.

Tumepita Goweko. Daraja la tatu limejaa magunia na madebe ya asali. Bwana Ratilal kaja kunitafuta, kapita mabehewa yote na suti yake. Peke yake. Kanipa kopo la samli limejaa ladu, vitamu vya Diwali. Kasema: shemeji yangu anakwambia faini bado haijaisha, urudi mwakani na miguu hiyo hiyo. Kasimama kidogo. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka, nikamsogezea gunia, akakaa. Tiketi ya pili bado alikuwa ameishika.

Watu wamejazana dirishani. Mwezi umeonekana, mwembamba. Kesho kufunga. Nimekula ladu moja na yeye moja. Zilizobaki za kufuturu.

Unga bado uko kwenye nyufa za visigino. Nitaosha nikifika.