Maji Matano ya Mrututu

Shemeji yangu,

Sisi wazima, na bati la jikoni halivuji tena. Umeandika kwamba binti wa kaka yako akianguka kemia utamtoa shule akauze dukani kwako. Kaa kitako nikusimulie.

Walipewa mrututu, ile chumvi ya buluu, wauchome wapate fomula yake, yaani kila chembe yake imefunga chembe ngapi za maji. Darasa zima likapata maji matatu, huyo binti akapata matano, kama kitabu kinavyosema. Mwalimu akampa sifuri: "Umenakili kitabuni."

Nikamfuata shuleni na aproni yangu ya kazini. "Mwalimu, mwanangu haibi. Apime tena mbele yako."

Akapima gramu mbili na nusu, akachoma, akapoza, akapima, akachoma tena mpaka uzito ukagoma kushuka. Ukabaki unga mweupe, gramu moja nukta sita. Akapiga hesabu, maji yakatoka yaleyale matano. Kumbe wenzake walizima moto mapema, maji mengine yangali ndani.

"Mama, umezaa mkaidi," mwalimu akasema.

"Nimezaa, na sijutii."

Sifuri imefutwa. Dukani tafuta mwingine, shemeji. Huyu simtoi, hata uje na ukoo mzima.

Ni mimi, shemeji yako mwenye mdomo,
Mama Mkemia