Uvimbe wa Mama

Mosocho, Jumanne, 1974

Ushenzi mtupu! Jumapili nilimwomba mbunge wetu mkutanoni apeleke mswada wa kuwazuia polisi kusikiliza simu za watu bila idhini ya mahakama. Akacheka. "Mwalimu, asiye na siri anaogopa nini?" Watu wakampigia makofi.

Leo jioni kachero kaja nyumbani. Mama alikuwa anamenya ndizi. Kachero akataka kujua nani kanifundisha maneno ya mswada, ni yule kaka yangu wa Nairobi? Nikamwambia nina akili zangu. Akatabasamu, akainuka, akamgeukia Mama kwa adabu.

"Pole na huo uvimbe, Mama. Daktari amesema hauna dawa, lakini Mungu yupo."

Habari hiyo nilimwambia kaka peke yake, kwa simu ya posta. Mama tulimficha.

Nilimfukuza yule mtu kwa matusi ambayo sitayaandika hapa. Heri angenifunga.

"Moraa, uvimbe gani?" Mama akauliza.

Ikabidi nimwambie. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ni nani wengine wanaojua.