Mikono ya Kulia

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na vumbi la mbao halijakuzidi. Huku hatujambo. Mjukuu wako ameota jino la pili, anaringa nalo utadhani ni yeye peke yake duniani mwenye meno. Ningekupigia simu, ila misumeno imeshakula masikio yako, na haya ninayotaka kukueleza si ya kupigia kelele hadi majirani wasikie.

Unaijua kazi yangu hapa Kituo cha Kanda cha Kuzuia Majeraha. Kila Jumatatu zahanati za kanda nzima hutuletea fomu za watu walioumia. Hazina majina. Zina umri, kazi na miaka ya kazi, kiungo kilichoumia, mahali na chanzo. Nazisoma moja moja na kuzipanga kwenye rafu: barabara, moto, maji, kuanguka, mashine, ajali za nyumbani.

Tangu Novemba nimepokea fomu tano kutoka zahanati iliyo mkabala na karakana yenu. Wanaume watano, wote wapasuaji mbao, wote wamepoteza vidole, na kila fomu inasema: nyumbani, panga, akipasua kuni. Nilizipitisha zote. Juzi nilikuwa nanakili kwenye shajara yangu upande ulioumia, nikaona ni mkono wa kulia, mara tano. Mtu anayepasua kuni hushika panga kwa mkono wa kulia. Huo huo wa kulia anaukataje?

Baba, wewe ndiye msimamizi. Niambie ni mashine gani.

Binti yako


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na huyo mwenye meno mawili mpe marahaba yake pia. Mimi sijambo. Kifua kinakohoa kwa zamu, kama mlinzi anayetaka tajiri ajue kwamba hajalala.

Kuhusu fomu zako, labda mtaa huu una mashoto wengi. Nilimsimulia Kasuku, yule mpasuaji wa mashine namba tatu ambaye hafungi mdomo hata akimeza dawa. Alicheka, halafu akanyamaza. Tangu nimjue sijawahi kumwona akinyamaza.

Hapa mambo ni mazuri. Ubao wetu wa mlangoni leo unasoma: Siku bila ajali, 271. Naandika mwenyewe kwa chaki kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa. Tajiri ameahidi kwamba tukifika mia tatu, karakana nzima itapata likizo ya wiki mbili, ya kwanza tangu niajiriwe. Nimeshaamua pa kwenda. Nataka nimpakate huyo mtoto kabla hajaanza kunikimbia.

Kwa hiyo, Bi Mkaguzi, usinichokolee ubao wangu.

Baba yako


20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mimi usingizi umenipaa.

Hukunijibu nilichouliza. Ngoja nikueleze usichokijua. Ukutani kwetu kuna ramani ya kanda. Nikipata fomu tatu za kazini zenye chanzo kimoja kutoka mahali pamoja, natakiwa nichome pini nyekundu, na wiki hiyo hiyo wakaguzi wanatoka. Zenu ni tano. Sijachoma. Nimezitoa rafuni nikaziweka kwenye droo yangu, chini ya sweta la mtoto. Sijawahi kufanya jambo kama hilo tangu nianze kazi. Wakaguzi wakija, swali lao la kwanza huwa moja tu: msimamizi ni nani?

Jana mkuu wangu aliuliza mbona rafu ya mashine ni nyembamba mwaka huu. Nikamjibu labda watu wamekuwa waangalifu. Akaitikia kwa kichwa akaondoka. Nikaisukuma droo kwa goti hadi ikafunga kabisa.

Nakupa wiki tatu, Baba. Rudisha kile kikinga cha chuma juu ya msumeno, kile mnachokiita kofia, maana vidole havikatiki hivi kikiwa mahali pake. Nilipokuwa mdogo ulinikataza kukaribia msumeno usio na kofia, hata ukiwa umezimwa. Ulinishika sikio ulipokuwa unasema. Nadhani unakumbuka.

Binti yako


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nakumbuka.

Kofia niliitoa mimi, mwezi wa Novemba, kwa sababu mbao nene zilikuwa hazipiti chini yake. Iko stoo, imeegemezwa ukutani, tunatundikia makoti. Wa kwanza alipoumia, wenzake ndio waliosema iandikwe panga ili ubao usifutwe. Nilikuwa pale na sikutia neno. Wa pili nilimwelekeza mwenyewe la kusema. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelekezwa. Wanatoka hapa wameshika tambara, wanavuka barabara, na huko njiani kuni zinajipasua zenyewe.

Zimebaki siku kumi na tano, na tuna oda ya mbao nene. Tukirudisha kofia sasa hatumalizi. Likizo ikianza nitairudisha, hilo nakuahidi.

Kwa sasa nimefanya hivi: nimemtoa Kasuku pale. Siwezi kumsimamisha mtoto wa mtu mahali ambapo binti yangu ananiandikia barua kupahusu. Namba tatu nasimama mwenyewe. Miaka thelathini kwenye kazi hii sijakatwa hata kucha.

Usihofu. Lala.

Baba yako


4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mtoto mzima. Barua yako imefika leo asubuhi na naijibu nikiwa bado nimesimama.

Unasema miaka thelathini. Nimefungua droo nikahesabu miaka ya kazi ya wale watano. Hakuna aliye chini ya kumi. Mmoja alikuwa na ishirini na minne. Wageni wanauogopa msumeno, Baba. Ni wazoefu wanaozungumza huku wanasukuma ubao.

Sasa kila fomu ninayoifungua natazama umri kwanza. Nikiona tano mbele nafumba macho, ndipo nasoma tarakimu ya pili. Juzi ilikuja moja ya hamsini na tisa, umri wako. Nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kuona kwamba ni mwanamke aliyeteleza kisimani. Nikafurahi. Fikiria nimefikia wapi, nafurahia mtu aliyevunjika nyonga.

Likizo siitaki. Mtoto atakungoja, hata akishaanza kukimbia. Ukipata barua hii, usimalize ubao ulio mkononi. Zima mashine kwanza, kisha usome tena.

Binti yako


12 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo ndiyo siku ya mia tatu kwa hesabu yako. Sijapata jibu.

Jumatatu hii bahasha ya zahanati yenu haikuletwa. Dereva anasema karani wao hakuwa amemaliza kuandika. Nimepiga simu karakana. Tajiri akasema, "Mzee yuko kazini," akakata. Nilikaa na simu mkononi nikijaribu kujua ni nini kimenitisha, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Kisha nikajua. Nyuma yake hakukuwa na mlio wa msumeno hata mmoja.

Wiki tatu nilizokupa zimekwisha juzi. Pini ninayo hapa mezani. Niandikie hata mstari mmoja, Baba, ila uuandike kwa mkono wako.

Binti yako


14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba ya barua mbili. Mwandiko huu uusamehe. Ukurasa huu nimeuanza tangu asubuhi, na mkono huu wa kushoto maisha yake yote ulizoea kusaidia tu, sasa umepewa usimamizi.

Ilikuwa tarehe 8, saa nne asubuhi. Barua yako ya tarehe 4 nilikuwa nimeipokea dakika chache kabla. Ilikuwa mfukoni, haijafunguliwa. Nilitaka nimalize ubao mmoja kwanza.

Ni vidole vitatu. Cha nne daktari bado anakiangalia.

Tulipofika zahanati Kasuku alikuwa ameshamwambia karani: nyumbani, panga, kuni. Alisema huku analia, na kwa nia njema, maana zilibaki siku nne. Karani hata hakuinua kichwa, alishazoea. Akaanza kuandika. Nikamwambia, "Futa. Andika kazini. Andika mashine namba tatu, haina kofia. Na aliyeitoa ni huyu huyu anayekuchafulia sakafu." Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia akitaka nitamtajia na wale watano, na nikamtajia. Ndiyo maana bahasha yenu ilichelewa.

Waliniruhusu tarehe 11. Nilipitia karakana kabla ya kufika nyumbani. Ubao wa mlangoni ulikuwa unasoma 299. Walikuwa wameendelea kuhesabu bila mimi, mwanangu, na damu yangu bado iko kwenye maranda. Nilisimama pale nikaona hiyo chaki, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa mashine ilipoushika mkono.

Nikafuta kwa kiganja. Sifuri niliyoichora ilitoka kama yai lililokanyagwa, na hakuna aliyecheka. Tajiri alitoka ofisini, akatazama, akarudi ndani akafunga mlango. Tangu hapo mashine hazijawashwa. Sijui ataniamulia nini, na sikufichi, usiku nasikiliza hatua za watu barabarani. Lakini Kasuku na mwenzake walikwenda stoo, wakatundua makoti, wakaileta kofia. Nilihesabu bolti zikifungwa. Ni nane.

Fomu yangu itakufikia Jumatatu. Utaijua kwa umri. Isome kama unavyosoma za wengine na uiweke kwenye rafu ya mashine. Kisha zitoe zile tano chini ya sweta la mjukuu wangu, uchome pini. Wakaguzi wakiuliza msimamizi ni nani, watanikuta mlangoni na chaki.

Leo ni siku ya tatu.

Baba yako