Mtutu Uliokatwa

"Mtutu mfupi, mtutu mrefu, risasi ni ile ile. Bastola yangu ilikuwa nzima. Kilichokosa ni mkono wa marehemu."

Kaka Masanja, maneno hayo aliyasema bosi wako Luhende msibani kwako hapa Nyahanga, mbele ya mkeo na watoto wako mapacha. Wakati huo sahani ya wali ilikuwa magotini mwangu, na nyama ya ng'ombe aliyemleta yeye ilikuwa mdomoni mwangu. Ni uongo. Nilijua ni uongo kabla hajamaliza kusema. Nikaendelea kutafuna.

Mimi, Kaka. Mimi niliyegombana magazetini na wabunge, maprofesa na mapadri, ambaye ulinisalimu kwa utani kila ukipiga simu, "Mwangaluka, Bwana Gazeti! Leo umemtukana nani?" Siku yako sikumtukana mtu. Sikumjibu mtu. Nilikula.

Ulikuwa umeshafukiwa, kwa hiyo acha nikusimulie. Mama Zuhura, mtani wetu Mzaramo, alikuja kufanya kazi yake. Aliwanyang'anya wapishi mwiko, akauchomeka kiunoni kwenye kanga, akatembea kifua mbele, vile vile ulivyokuwa ukitembea ukilinda mlangoni pa duka la dhahabu la Luhende kule Katoro. Akauchomoa, akafumba macho yote mawili. "Pwaa!" Kisha akainama kutazama chini. "Jamani Wasukuma, hebu nisaidieni kutafuta. Amekufa hata mbu?"

Tulicheka wote. Mama Kulwa, mkeo, alicheka mpaka akaanza kulia upya. Hapo hapakuwa na kosa. Mtani ana ruhusa yake, na maneno ya mtani msibani si ushahidi. Yanaishia pale pale uwanjani. Lakini Luhende aliyaokota. Luhende si mtani wetu, ni Msukuma kama sisi. Alisimama, akajifuta mdomo, akasema, "Mtani kasema kweli," halafu akaongeza hayo niliyoanza nayo. Turubai lilikuwa lake, viti vyake, ng'ombe wake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Na mimi uso wangu ulikuwa bado na kicheko cha Mama Zuhura, sikukiondoa. Aliyenitazama alidhani ninakubali.

Sasa Mama Kulwa haendi sokoni. Akipita, wanawake wanapunguza sauti. Shuleni wanao wanaitwa Pwaa. Doto amepigana mara kadhaa. Kulwa ananyamaza tu, na kila nikimwona amenyamaza, naona amenifuata mimi.

Kwa hiyo namjibu Luhende leo, nimechelewa, lakini namjibu.

Unakumbuka mabua ya majani ya mpapai, nyumbani Ushirombo? Ulikata mawili, moja refu, moja fupi kama kidole, ukaweka mbegu, ukapuliza. Ya bua fupi ilidondoka karibu na miguu ya mbuzi. Ya bua refu ilimpata Bibi shingoni, akatukimbiza hadi kwenye mihogo. Ukaniambia huku tunahema, "Pumzi inataka njia ya kusukumia." Baruti ni hivyo hivyo. Kwenye bastola kubwa kama ile, baruti ni nyingi na haiungui yote papo hapo. Inaendelea kuisukuma risasi ndani ya mtutu. Ukiukata mtutu, risasi inatoka na kasi pungufu, na baruti iliyobaki inawakia nje, mbele ya uso wa mpigaji. Moto mkubwa, kishindo kikubwa, kazi ndogo. Na chuma kikipungua mbele, bastola inakuwa nyepesi na inaruka zaidi mkononi.

Sitamwonea Luhende. Mwizi uliyempiga risasi siku ile alikuwa ng'ambo ya barabara tu, na kwa umbali huo kasi iliyopungua isingemwokoa. Wala sisemi mtutu mfupi ni dhambi. Zipo bastola zilizoundwa fupi tangu kiwandani, na kila kitu kimepimwa kwa ufupi huo. Ya kwako haikuundwa hivyo. Ya kwako ilikatwa kwa msumeno wa chuma.

Niliiona. Nilikukuta Katoro umekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, ukanionyesha kwa aibu, kana kwamba ni wewe uliyeiharibu. "Bosi anasema ilikuwa inachungulia chini ya shati, inamtisha mteja." Kile kinundu cha mbele cha kulengea kilikuwa kimekwenda na kipande kilichokatwa. Fundi wa mageti alichomelea kingine, kifupi, kimeinama. Nikakuambia kataa. Ukacheka. "Nikikataa, kesho kiti hiki kina mtu mwingine, na yeye ana watoto."

Kinundu kikiwa kifupi, mlengaji analazimika kuinua mtutu ndipo akione. Akiinua, risasi inakwenda juu. Na mdomo wa mtutu ukikatwa mshazari, hewa ya moto inatoka upande mmoja kwanza na kuisukuma risasi kando. Haya yote unayajua. Nayaandika kwa ajili ya wale walioitikia kwa vichwa.

Juzi nilikwenda Katoro. Yule mwizi kijana aliyekuja na pikipiki alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya mashine ya kusaga, akiwa na panga, mwenzake ameshaingia dukani. Kila mtu pale ananyoosha kidole mahali pale pale. Tundu la risasi yako lipo kwenye bati la ile mashine. Nilisimama alipokuwa amesimama yule kijana, nikainua mkono wangu wote, nikaligusa kwa ncha za vidole. Liko juu yangu, kushoto. Hukufumba macho, Kaka. Hukutetemeka. Ulilenga kifua chake kwa kifaa kilichokuwa kikitazama angani, na mwali wa moto ukakupofusha, na wakati unatafuta kuona tena ndipo yule mwingine akatoka dukani na kukukata kwa panga.

Nilisimama pale na mkono juu, wapita njia wakidhani nimechanganyikiwa. Nililia kwa aibu, si kwa msiba. Nimeandika kurasa nyingi juu ya watu nisiowajua. Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, sahani ya wali ilitosha kunifunga mdomo.

Lala, mwana wa mama. Jumamosi tunaondoa matanga. Nitapika mwenyewe, hata kama ni dagaa, na nitasimama pale alipokuwa amesimama Luhende. Nitawaambia Kulwa na Doto baba yao alilenga wapi. Nakuahidi, na safari hii mdomo wangu utakuwa mtupu.

Na wewe Luhende, najua utaisoma barua hii ingawa si yako. Njoo Jumamosi. Usilete ng'ombe. Lete ile bastola jinsi ilivyo, uikabidhi kwa polisi mbele yetu, na useme kwa sauti ile ile uliyotumia msibani ni nani aliyeagiza ikatwe.

Nanyi wanunuzi wa dhahabu wa Katoro, mliowakatia walinzi wenu silaha ili mashati yao yakae vizuri: zitoeni leo mikononi mwao, kabla hamjamwita mwingine mwenye mkono mbovu.