Wingu la Atomu na Ngoma ya Msibani

Jumamosi usiku.

Nani alianza? Baba anauliza hivyo tangu jioni, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu na kaka Ambakisye.

Tulikuwa kijijini Masukulu kumzika babu. Vijana wetu walipoanza kucheza ngoma ya msiba, wale wa kijiji cha Nkunga nao wakaingia na fimbo na mapanga yao, uwanja ukajaa. Mmoja akasukumwa, akamsukuma wa pembeni. Mara wote wanapigana, damu imeruka hadi kwenye mkeka wa akina mama. Panga likamkata kaka begani. Amelazwa hospitali ya Makandana, na daktari hajui kama mkono utapona.

Gazeti la sayansi alilonipa mwalimu wa fizikia linasema wataalamu hunasa atomu kwa miale ya leza. Zikiwa chache, wingu lake hutulia. Zikizidi, kila moja huirushia nyingine mwanga ulioipata, zinasukumana, na wingu linavimba na kutikisika lenyewe. Hakuna atomu iliyoanza.

Ningemwelezaje baba hayo?

Nje, baba wadogo walikuwa wananoa mapanga, wakisubiri jina tu.

"Sema wewe! Ni yule wa shati jekundu?" baba akauliza.

"Sikumwona aliyeanza, baba."

Akanizaba kofi. "Mwenzako amekatwa, wewe unasoma tu magazeti!"

Nikarudia kwamba sikumwona. Akanipiga tena.

Shavu linawaka na jicho limevimba. Lakini sikumtaja mtu, na mpaka sasa baba wadogo hawajaondoka.